Mlezi wa Wadudu, Daraja la Tatu

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, Mzee Jicho alikunja mkono wa shati hadi begani, akapiga goti juu ya lundo la mawe, akauingiza mkono kwenye tundu alilolichimba mwenyewe kwa nondo, kisha akatulia kama mkunga. Mpita njia angedhani mzee anamsaka panya. Sivyo. Alikuwa akipima joto. Kiwanda kilikuwa na vipimajoto thelathini na viwili vilivyofukiwa ndani ya lundo hilo, vyote vimeunganishwa kwa nyaya mpaka kwenye skrini ya ofisini, na vyote, isipokuwa vitano, vilikuwa vimekufa tangu mvua za mwaka juzi. Skrini haikujali. Iliendelea kuonyesha joto lile lile zuri la siku vilipokufa, na wakubwa wakaendelea kulifurahia.

Mkono wa Mzee Jicho haukuwa na tabia hiyo. Ngozi yake ilikuwa imebabuka kwa maji ya lundo, makali kama ndimu, lakini haukujua kusema uongo. Lundo likiwa na afya, ndani mlikuwa na uvuguvugu wa kitanda alichoamka mtu sasa hivi. Likiwa na njaa ya hewa, uvuguvugu ulirudi chini na mkono ukaufuata hadi kwapani. Basi mzee alinyanyuka, akajifuta kwa kitambaa chenye magadi, akaenda kumwambia fundi wa pampu: "Upande wa mashariki hawapumui. Kagua feni."

"Skrini inasema wanapumua, mzee."

"Skrini imwoe basi aliyeitengeneza. Kagua feni."

Na feni ilikutwa imesimama.

Jina la Jicho hakulipatia kwenye lundo. Alilipata mbele ya tanuru la kuyeyushia shaba, ambako alisimama miaka thelathini na mmoja na kioo cha buluu mbele ya jicho la kulia, la kushoto kalifumba, akisoma rangi ya moto. Akisema "bado", watu sitini walingoja. Akisema "haya", mlango ulitobolewa na shaba ikateremka mferejini kama jua lililokunjuliwa. Hakwenda chuo. Alifundishwa na mzee aliyemtangulia, naye alifundishwa na mwingine, na mafunzo yenyewe yalikuwa kunyamaza miaka minne na kutazama. Siku hizi mtu hunyamaza dakika nne tu, tena ni kwa sababu anatafuta chaja ya simu.

Tanuru lile lilikuwa na desturi yake. Moto wake haukuwashwa, ulihamishwa. Matofali ya ndani yakichakaa na tanuru likabidi kupozwa, msomaji wa moto alichota sepetu moja ya makaa mekundu, akayaweka katika jiko dogo la pembeni, na makaa hayo yalilelewa usiku na mchana mpaka waashi wamalize, ndipo yarudishwe. Hivyo moto wa mwaka wa mwisho ulikuwa mtoto wa mtoto wa moto wa mwaka wa kwanza. Ungemwuliza mtu wa tanuru kwa nini asitumie kibiriti, angekutazama kama uliyemwuliza kwa nini asinunue watoto dukani.

Kisha walikuja watu wenye viatu visivyoshika vumbi. Walisema mawe ya siku hizi yana shaba kiduchu, imeng'ang'aniana na salfa kama ndugu wa tumbo moja. Kuwatenganisha kwa moto ni hasara, na moshi wake unalalamikiwa. Kuna njia ya kisasa: unayarundika mawe, unayanyeshea maji makali, unayapulizia hewa kwa chini, na ndani yake unaachia wadudu wasioonekana kwa macho, hao wanaoitwa bakteria. Wadudu wanakula chuma na salfa iliyomo ndani ya mawe, na wakishakula, shaba inabaki haina wa kuishika, inayeyuka, inateremka na maji yakiwa kijani kama chupa. Shaba inachujwa, maji yanarudi bwawani, yanapandishwa tena juu ya lundo. Ndiyo hadithi yote. Mzee Jicho aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na wanalala saa ngapi?"

"Hawalali!" alisema Meneja kwa furaha. "Hawalali, hawaombi likizo, hawana chama, hawanywi chai."

Tanuru lilizimwa siku ya Jumanne. Mzee Jicho alichota makaa yake kama ilivyo ada, akayaweka kwenye jiko la pembeni, akayalea siku tisa. Siku ya kumi mlinzi aliyamwagia ndoo ya maji kwa sababu ya kanuni za usalama. Mlangoni likapigiliwa bango la bati: TANURU LIMEFUNGWA KWA MUDA. Mzee Jicho hakuwa msomaji wa magazeti, lakini maneno mawili ya mwisho aliyasoma kila siku kwa miaka mitatu.

Watu hamsini na tisa waliondoka na barua za shukrani. Yeye alibakizwa, akapelekwa kwenye semina ya siku tatu chini ya turubai, akarudi na cheti kilichofunikwa nailoni: Mlezi wa Wadudu, Daraja la Tatu. Mwaka huo huo, ukumbini kwa wageni, ilitundikwa picha ya Mfanyakazi Bora wa Mwaka. Ilikuwa picha ya mdudu. Amechorwa na kofia ngumu, meno nje, kidole gumba juu. Kidole amekipata wapi, hilo halikuelezwa. Katika miaka thelathini na mmoja, wasomaji wa moto hawakutundikiwa hata kalenda.

Lililomkera zaidi ni kwamba bintiye mwenyewe, kifungua mimba wake, ndiye aliyekuwa yaya mkuu wa wadudu hao. Alisomea mambo yao, akaajiriwa maabara, na kazi yake ilikuwa kuwakuza katika chupa, kuwahesabu, na kusema lundo lina afya au halina. Kiwandani aliitwa Dada wa Maabara. Nyumbani, mezani, baba na binti waligombana kila jioni kama mawakili.

"Hawana adabu," alisema mzee. "Kitu kisichoonekana hakina adabu."

"Baba, hata moto wako hukuuona. Uliuona kupitia kioo."

"Kioo changu kiliingia mfukoni. Chako kinataka umeme."

Hapo mkewe, ambaye alikuwa akikohoa tangu tanuru lilipokuwa kijana, aliweka sahani chini. "Mwache mwanangu ale. Wewe na tanuru lako! Moshi wake ulikula nguo kwenye kamba, ukala bati la chumba chetu mpaka tunahesabu nyota, ukanibakishia nusu ya mapafu. Haya, wadudu wa mwanao wamekula nini changu?"

Lile tundu la bati lilikuwa juu ya mto wake hasa, upana wa sinia, na kila alipoahidi kuliziba aliongeza: "Ngoja kwanza kazi yetu irudi." Maana kitu hicho ndicho alichokuwa anakingoja. Aliamini, na hakumwambia mtu, kwamba siku moja wadudu wangeshindwa, wakubwa wangekuna vichwa, wangetazama bango, wangekumbuka kwamba ni kwa muda tu.

Siku hiyo ilitaka kufika kwa mlango wa mgeni.

Habari zilikuja Jumatatu: mkubwa kutoka ofisi kuu angetembelea kiwanda Alhamisi ya wiki ifuatayo. Sote tunajua mgeni wa namna hiyo anaandaliwaje. Hata kama nyumba inavuja na mashine zimekufa, kitu cha kwanza ni chokaa. Mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa. Miti ikavishwa soksi za chokaa. Mnazi wa plastiki wa pale mapokezi nao ukapakwa, mpaka mtu akakumbuka kwamba ni wa plastiki. Magunia ya chokaa yakabaki, na kitu kilichobakia bila kupakwa kilikuwa bwawa.

Meneja aliitisha kikao kando ya bwawa lenyewe. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, aina ya upole unaomtangulia mtu anapokuja kukunyang'anya kitu.

"Hebu tutazame kwa macho ya mgeni," alisema. "Hili ni bwawa la nini? La damu?"

"Ni chuma hicho, bosi," alisema Dada wa Maabara. "Maji yakirudi kutoka kuchujwa shaba yanakuwa na rangi hii. Na wadudu wamo humo. Hapa ndipo wanapopandishwa juu ya lundo."

"Mimi nasema kuhusu rangi, dada."

Mpaka rangi, kibarua aliyeletwa kwa ajili ya mawe na miti, aliinua mkono wenye brashi. "Rahisi hiyo, bosi. Mwaga chokaa. Uchafu wote unakwenda chini, juu yanabaki maji kama ya chupani. Nimefanya mahali pengine."

"Umeona?" Meneja alimgeukia kila mtu. "Mtu hana digrii, ana akili."

"Bosi, chokaa inaua ukali wa maji," alisema binti, na sauti yake ilianza kupanda. "Hawa wanaishi kwenye ukali. Ukiuua, umewaua. Na hicho kinachokwenda chini ni chuma chenyewe, kitageuka tope, kitaziba mabomba yote kule juu."

"Ni siku moja tu, dada."

"Na samaki ukimtoa majini siku moja tu?"

Fundi wa pampu alicheka, akaona hakuna mwenzake, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Meneja alitabasamu. Alimtafuta mtu mzima katika kundi, akampata.

"Mzee wangu Jicho. Wewe ndiye mlezi, tena ni mtu mwenye busara zako. Chokaa itawadhuru kweli, au ni mambo ya vitabuni?"

Mzee Jicho alijua. Alijua kuliko kitabu. Kila alipofuta mkono wake kwa magadi aliona jinsi ukali unavyokufa kwa povu moja na ngozi ikaacha kuwasha. Nyuma ya bega la Meneja aliona paa la jumba la tanuru, na chini ya paa bango, na kwenye bango maneno yake mawili. Binti alikuwa akimtazama. Hakumwomba, alimtazama tu kama mtu anayejua kwamba zamu yake imeisha na mwenzake ameshafika.

"Mimi ni mtu wa moto, bosi," alisema mzee. "Mambo ya wadudu waulizwe wenye vyeti."

"Basi tumeelewana. Hata baba yake hana pingamizi." Na karani akaandika hivyo hivyo: Mlezi hakuwa na pingamizi.

Jioni hiyo binti alitembea hatua kumi mbele yake njia nzima. Mezani hakugombana naye. Alikula, akaosha sahani, akasema "Mama, lala salama," akaingia chumbani. Kwa mtu aliyezoea mabishano kama chumvi, chakula kilikuwa hakiliki.

Chokaa ilipangwa kumwagwa Jumatano. Jumanne mchana Mzee Jicho alijikuta kando ya bwawa na mapipa kumi na mawili ya plastiki na mkokoteni, akimwambia fundi wa pampu ayajaze maji mekundu.

"Ya nini, mzee?"

"Ya kutolea kutu."

"Mapipa kumi na mawili? Una kutu ya meli?"

"Jaza."

Aliyapeleka kwenye jumba la tanuru, akayapanga ukutani, vifuniko kavilegeza. Alijiambia kweli ni ya kutu. Lakini hakuna moto aliowahi kuuona ukizimwa bila kutengewa sepetu moja ya akiba, na mikono ya mtu aliyefanya jambo miaka thelathini na mmoja haingoji ruhusa ya kichwa. Kichwa chake kilitaka wadudu wafe. Mikono ilikuwa imeshatenga mbegu.

Alhamisi, mgeni akaja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumwona mgeni huyu. Bwawa lilikuwa jeupe, limetakata, anga imo ndani. Mgeni alichovya vidole viwili, akavipungia hewani, watu wakapiga makofi. Kijana wa masijala aliyevalishwa vazi la sponji lenye sura ya mdudu alipeana naye mkono, akapigwa picha, akaenda nyuma ya gari kuzimia kwa joto. Skrini ilionyeshwa. Joto lilikuwa zuri.

Mzee Jicho alipangwa katika mstari wa wafanyakazi wa mfano, kofia mpya kichwani, bei yake ingali imebandikwa ndani. Ndipo mgeni aliponyoosha kidole kwenye jumba la matofali. "Na lile?"

"Hilo lilikuwa tanuru, mheshimiwa. Mambo ya zamani. Tumeshaliuza, matofali kwa vyuma. Linavunjwa mwisho wa mwezi ujao."

"Mbona bango linasema limefungwa kwa muda?"

"Ni kweli kabisa, mheshimiwa," alisema Meneja. "Kwa muda. Mpaka livunjwe."

Mgeni akacheka. Meneja akacheka. Mstari wote wa wafanyakazi wa mfano ukacheka, maana kicheko cha mkubwa ni amri. Mzee Jicho naye alitoa meno. Hilo ndilo alilojichukia nalo baadaye kuliko yote: kwamba alitoa meno, nusura ainue na kidole gumba.

Wadudu wale wasiolala, wasio na chama, waligoma ndani ya wiki moja. Maji yaliyopanda juu hayakuwa na ukali wala uhai. Tope la rangi ya chungwa liliziba vitobo vya mabomba, na Mzee Jicho akashinda juu ya lundo na kipande cha waya akizibua kimoja huku viwili vikiziba nyuma yake. Maji yaliyotoka chini, yaliyokuwa kijani cha chupa, yakawa kama ya kuoshea vyombo. Siku ya kumi na mbili aliingiza mkono, akaufuata uvuguvugu mpaka kwapani, mpaka shavu likagusa mawe. Hakuupata. Aliwahi kugusa baridi ya namna hiyo mara moja tu, kwenye ukuta wa tanuru, wiki moja baada ya Jumanne lilipozimwa.

Barua ikaenda kwa mwenye kosa. Mwenye kosa, kama kawaida, alikuwa yule aliyesema mapema. Dada wa Maabara alipewa mwezi mmoja aeleze uzembe wake katika malezi ya wadudu na aonyeshe lundo limepona, la sivyo aondoke. Kumbukumbu za kikao ziliambatanishwa, na mstari mmoja ulipigiwa wino: Mlezi hakuwa na pingamizi.

Baba yake alimkuta maabara, amekaa kati ya chupa zake, barua mapajani. Chupa zilikuwa nne, ndogo, za kupimia. Za kuliponya lundo zima hazikuwapo.

"Mwanangu," alisema mzee mlangoni. "Nilijua."

"Najua ulijua, Baba. Ningekasirika nini kama hukujua?"

Alisimama pale kama mtu aliyekuja kukopa. "Nilidhani wangerudi kwenye moto."

"Wamerudi kwenye moto?"

"Wameuuza."

Binti aliikunja barua mara nne. Mzee alivua kofia, ile mpya, akaizungusha mikononi. "Nina mapipa kumi na mawili," alisema. "Ya maji ya kabla ya chokaa. Nimeyatenga kule kwa... kule jumbani."

Binti aliinua kichwa polepole. "Umetenga mbegu? Wewe? Kwa nini?"

"Sijui. Moto hauzimwi hivi hivi."

Walikwenda wakikimbia, kama inavyowezekana kwa mtu wa miaka sitini na minne kukimbia. Binti alichota tone katika pipa la kwanza, akarudi nalo kwenye hadubini, akainama muda mrefu. "Wazima," alisema. "Wachache, wana baridi, lakini wanatembea. Njoo uone."

Mzee Jicho aliinama. Kwa mazoea alifumba jicho la kushoto. Mwanzoni aliona ukungu. Kisha ukungu ukawa na punje ndani yake, punje kama za mchele zilizolewa, moja inakwenda, moja inajizungusha, nyingine imesimama kama inayosahau ilikokuwa ikienda. Alitazama mpaka shingo ikauma. Alikuwa amenyamaza muda mrefu hivyo mara moja tu maishani, na wakati ule alilipwa ujira wa mwanafunzi.

"Hm," alisema mwishowe. "Adabu wanayo kidogo."

Mambo yakawa mepesi kuyasema na mazito kuyafanya. Wadudu walitaka wazidishwe maradufu mara nyingi, na kwa hilo walitaka hewa, chuma na uvuguvugu. Maabara haikuwa na nafasi, na msimu ulikuwa wa baridi. Jumba la tanuru lilikuwa na nafasi, lilikuwa na kipulizio cha zamani ambacho fundi wa pampu alikifufua kwa mkanda wa pikipiki, na lilikuwa na matofali yaliyozaliwa kwa kazi ya kutunza joto. Binti alisema, "Digrii thelathini na tano, Baba. Ikifika arobaini na tano, umewapika."

Mzee aliyezoea moto wa kuyeyusha shaba alipewa kazi ya moto wa kuogeshea mtoto.

Swali likawa namna ya kuuwasha. Binti alitoa kibiriti. Mzee aliutazama mkono wa binti kama uliobeba nyoka, akatoka nje, akaenda nyumbani kwa miguu. Mkewe alikuwa ameinjika maharage.

"Naomba makaa, mama watoto. Sepetu moja."

"Makaa yangu yanakwenda wapi?"

"Tanuruni."

Mkewe alikohoa, akacheka, akakohoa tena. "Miaka thelathini na mmoja nilifua nguo zenye masizi yake. Leo lina njaa, linakuja kuomba kwangu." Lakini aliisogeza sufuria mwenyewe, akamchagulia makaa makubwa yaliyoiva vizuri. "Uniambie mwanangu anabaki kazini. La sivyo makaa yangu utayarudisha yakiwa bado yanawaka."

Ndoo ya makaa ilivuka mtaa mzima, mzee kaibeba mbele yake, watu wakimwuliza anakwenda kuchoma nini. Aliyaweka katika lile jiko la pembeni ambalo mlinzi alilimwagia maji. Moto ulishika. Ulikuwa mdogo kuliko wote aliowahi kuusoma, hauna rangi ya kutazama kwa kioo, na kwa siku kumi na nne hakuusogelea mtu mwingine. Alipima kwa kiwiko, kama wanavyopima maji ya mtoto. Binti alipokuja na kipimajoto, akakuta thelathini na tano, akakipiga-piga, akakuta thelathini na tano.

Maji ya mapipa yakazidi kuwa mekundu kila siku. Huko bwawani, tope la chokaa lilizolewa kwa makoleo, na ukali wa maji ukarudishwa kwa asidi ambayo Meneja alikuwa hajaiidhinisha. Fundi wa pampu alieleza kwamba koki ilimteleza. Iliteleza siku nne mfululizo. Siku ya kumi na tano pipa la kwanza la mbegu lilimwagwa bwawani, likafuatwa na jingine na jingine, na maji yakapanda juu. Mzee Jicho alizibua vitobo na waya wake. Wakangoja, na barua ikahesabu siku zake.

Siku ya ishirini na sita alikunja shati, akapiga goti. Kiganja hakikuona kitu. Kiwiko hakikuona kitu. Alisukuma mpaka begani, ndipo ncha za vidole zikaupata, mbali, kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Hakuutoa mkono. Kwa hiyo alikuwa angali amelala kifudifudi, shavu juu ya mawe, pale walionunua tanuru walipokuja kabla ya siku yao, maana siku hizi hata wabomoaji wana haraka, wakaangusha bomba la moshi. Hakuliona likianguka. Alilisikia kupitia mkono: mtikisiko ulipita katika mawe yote, ukapita kati ya vidole vyake na ule uvuguvugu, ukaisha. Uvuguvugu ulibaki.

"Mzee, umeona?" fundi wa pampu alipiga kelele toka chini. "Limeanguka lote!"

"Nyamaza," alisema Mzee Jicho. "Wanalala."

"Si walisema hawalali?"

"Walisema mengi."

Wiki iliyofuata maji yalitoka kijani. Barua ya binti ilifutwa kwa barua nyingine isiyoomba radhi. Ripoti ya Meneja kwa ofisi kuu, kurasa arobaini zenye picha za rangi, ilieleza kwamba lundo lilipitia "kipindi cha kujipanga upya" na likarudi kwa nguvu kutokana na Kampeni ya Usafi, na ikapendekeza kampeni hiyo ifanywe kila mwaka. Mfanyakazi Bora akachaguliwa tena yule yule, safari hii na medali shingoni. Koleo lilishavunjika, lakini uhunzi haujaisha. Sifa tu ndizo zinazokwenda kwa asiyeshika koleo.

Kwa kuwa chokaa ya mwakani imeshaagizwa na iko stoo, Mzee Jicho aliyajaza tena mapipa yake kumi na mawili maji mekundu, akayahamishia nyuma ya nyumba, karibu na jiko la mkewe, mahali ambapo joto halikosekani. Kutoka jumba la tanuru alichukua kitu kimoja tu. Alikikuta kwenye kifusi, kimepinda pembe moja, akakinyoosha kwa jiwe, akapanda juu ya paa kabla mtu hajamwambia, akaziba nacho lile tundu. Alipokipigilia alikigeuza uso chini. Sasa akilala chali, mchana anapopumzisha mgongo, anasoma darini: LIMEFUNGWA KWA MUDA.

"Litadumu?" mkewe alimwuliza siku ya kwanza, akilitazama.

"Lile la zamani lilidumu mpaka moshi wangu ulipolila."

"Na hawa wanao wa mapipani hawali bati?"

Mzee alifikiri. Alikuwa mlezi, Daraja la Tatu, hakutaka kusema asichokijua. "Wanakula," alisema. "Lakini wana adabu. Hawapandi juu."

Kisha alikunja mkono wa shati, akatoka nje kuwaangalia.